Nyoka wa kitochi ni wa nani?

Tuulizane, wasomaji: ukirithi kitu kizuri bila kumjua aliyekibuni, una deni?

Nauliza kwa sababu ya gemu la nyoka. Hapa Uyole, njia panda ya Zambia na Malawi, wengi wa rika langu hatukuwa na Atari wala Nintendo. Tulikuwa na kitochi. Unasubiri Coaster ya Tukuyu, baridi inakung'ata, unamlisha nyoka. Anarefuka, anajigonga, umekufa. Unaanza upya mpaka chaji iishe.

Sisi tunaliita "gemu la Nokia", basi. Ni kweli Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia huko Finland, ndiye aliyeliandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya San Diego, Marekani, ilitoa Blockade, gemu la mashine za kutumbukiza sarafu, kazi ya Lane Hauck. Wachezaji ni wawili, kila mmoja anaacha ukuta nyuma yake. Anayegonga ukuta kashindwa. Baadaye mikono mingine ikaligeuza: mchezaji akabaki mmoja, adui akawa mkia wake mwenyewe. Leo Blockade wanaikumbuka wachache, ila mjukuu wake alifika hadi vijiji ambavyo simu ilipelekwa kibandani kuchajiwa.

Kuna atakayesema: mbona ngano za bibi zetu hazina jina la mtunzi, na hakuna anayetudai? Hoja hiyo naikubali nusu. Mtunzi wa ngano kapotea, hatuna pa kumpata. Hauck anajulikana. Kutojua si kosa. Kujua halafu ukanyamaza, hapo ndipo deni linapoanza. Na kumtaja hakumpunguzii Armanto chochote. Kuliingiza gemu hilo kwenye kioo kile kidogo ilikuwa kazi, na ni yake.

Deni lenyewe halilipwi kwa hela. Linalipwa kwa kutaja jina. Na linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu Hauck. Pale Iyunga, chuoni MUST, kuna vijana wanaosomea kuandika programu. Tukizoea kuamini kwamba magemu yanazaliwa na makampuni tu, siku mmoja wao akibuni kitu kikaenea dunia nzima, tutakicheza kwa furaha, halafu tutasema: "Hilo gemu la kampuni fulani."