Mwili ni wa Nani? Kijana, Unene na Kisu cha Munganga

Utangulizi

Kila kizazi kinaletewa maswali ambayo wakubwa hawakuachia majibu. Wazee wetu walitufundisha namna ya kupokea mugeni, namna ya kutoa mali ya ndoa, namna ya kulia maiti. Hawakutufundisha namna ya kujibu mutoto wa miaka 22 anayesema: “Nataka munganga anikate tumbo la chakula, juu nipunguze uzito.” Lakini swali hili linafika. Mara nyingi linatoka Ubelgiji ao Ufaransa, pale watoto wetu wanasoma na kufanya kazi. Linatoka pia hapa Lubumbashi, mu jamaa zenyi uwezo wa kutuma mugonjwa Afrika ya Kusini ao India. Simu inalia, mama anashituka, anaita ndugu zake, na kikao kinaanza.

Katika kurasa hizi hatutoi shauri la dawa. Hiyo ni kazi ya waganga. Sisi tunauliza swali la roho na la akili: kijana anayefikiri operasio ya kupunguza uzito anapaswa kuamua pamoja na nani, na kwa sababu gani? Je, desturi yetu inamukataza, inamuruhusu, ao inamuomba kitu kingine?

1. Operasio yenyewe ni nini

Tuanze na kujua tunazungumuza nini, kwa maana vikao vingi vinabishana juu ya kitu ambacho hakuna mutu amekifasiria.

Kuna namna mbili zinazotumiwa sana. Ya kwanza, munganga anakata na kutosha karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula. Kinachobaki kinafanana na ndizi, na kilichotoshwa hakirudi tena. Ya pili, anatengeneza kifuko kidogo upande wa juu wa tumbo na kukiunganisha na utumbo chini zaidi, ili chakula kisipite njia yake ya zamani.

Waganga hawafanye hivyo kwa kila mutu munene. Wanapima kilo za mutu, wanazigawanya kwa urefu wake katika metre, kisha wanagawanya tena kwa urefu uleule. Binti mwenyi metre 1,60 na kilo 105 anapata 41. Mwaka 1991, wataalamu wa Marekani walipanga kwamba operasio ni ya mutu aliyefika 40, ao 35 kama ana ugonjwa mwingine mukubwa kama sukari. Mwaka 2022, vyama viwili vikubwa vya waganga wa kazi hiyo vilishusha kipimo: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Ku Ubelgiji, bima ya ugonjwa inasaidia kulipa kuanzia miaka 18, lakini inaomba kwanza kijana awe amejaribu kujipunguzia chakula kwa mwaka muzima, tena aonwe na waganga wa namna mbalimbali, pamoja na yule wa mambo ya akili.

Faida iko, na ni vibaya kuificha. Wengi wanapunguza robo ya uzito wao ao zaidi. Sukari na tansio vinashuka kwa wengi. Uchunguzi mukubwa ulioanza Uswidi mwaka 1987 ulionyesha kwamba, nyuma ya miaka mingi, waliopasuliwa walikufa kidogo kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa.

Bei yake nayo iko. Ku hospitali zenyi kuzoea kazi hiyo, karibu mutu moja kwa elfu anakufa. Aliyepona atameza vitamini maisha yake yote na kupimwa damu kila mwaka. Mwanamuke anashauriwa kungojea mwaka moja ao moja na nusu mbele ya kubeba mimba. Pombe inamupanda haraka kuliko zamani. Na wengine, nyuma ya miaka, uzito unawarudilia kwa sehemu. Tangu mwaka 2021 kuna pia dawa mupya za sindano, moja kwa juma, zinazopunguza uzito sana, lakini wengi wanaoziacha wanarudilia kunenepa. Kwa hiyo kisu si njia moja tu, na hakuna njia isiyodai kitu.

2. Unene mu macho ya wakubwa

Sasa tuingie mu desturi. Kwetu, kumwambia mutu “umenenepa” ni kumusalimia vizuri. Ni kusema: unakula, una amani, bwana wako anakutunza. Mutoto akirudi kutoka Ulaya amekonda, nkambo anauliza: “Unakonda juu ya nini? Uko mugonjwa?”

Mawazo haya hayakutoka hewani. Nchi hii inajua njaa. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 25 walihesabiwa kuwa na upungufu mukali wa chakula. Hapa Katanga, wazee wetu walipimiwa unga wa posho na Union Minière, na kilo za unga zilikuwa ndio heshima ya baba mu nyumba yake. Kisha, katika miaka ya 1980 na ya 1990, SIDA ilikuja. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa wa kukonda, na huku kwetu pia kukonda kukawa kama hukumu. Mutu aliyepungua kilo kumi aliangaliwa mbaya hata mbele ya kupimwa damu. Mama anayelia ku simu, “mutoto wangu anataka kukonda,” analia na kumbukumbu hizo zote. Kumucheka ni kukosa adabu.

Lakini tuangalie desturi kwa karibu. Huko Equateur na Mai-Ndombe, kwa Wantomba na Waekonda, kuna desturi ya walé. Mwanamuke aliyezaa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake. Hafanye kazi ngumu, anakula vizuri, anapakwa ngola nyekundu, ananenepa. Inaweza kudumu miaka miwili, mitatu, ao kupita. Siku ya kutoka kuna karamu, na yeye mwenyewe anaimba na kucheza mbele ya kijiji.

Yule walé ananenepeshwa juu ya nini? Juu apumuzike, juu mutoto ashibe maziwa, juu mimba nyingine isifuate haraka. Unene wake una sababu, una watu wanaoubeba pamoja naye, na una mwisho. Hakuna nkambo wa Kintomba aliyetaka binti ashindwe kucheza siku ya kutoka. Kwa hiyo anayesema “desturi yetu inapenda wanene” anashika ganda na kutupa mbegu. Desturi ilipenda mutu mwenyi nguvu ya kuzaa, kulima, kucheza na kuzeeka. Kama unene wa binti wa leo unamunyima usingizi na magoti, kumulazimisha aulinde kwa jina la wakubwa ni kuwasingizia wakubwa.

3. “Mwili hauguswe”

Wengine wanasema: Mungu hakukosea, mwili hauguswe. Jibu ni fupi. Hatujasikia jamaa ikikataa mama apasuliwe wakati mutoto ameshindwa kutoka. Tena wazee wenyewe waligusa mwili. Walunda na Watshokwe wanapeleka vijana wanaume ku mukanda, na huko kisu kinafanya kazi. Wanawake wa Kiluba na wa Kitabwa walichanjwa alama mu ngozi, na bila alama hizo mwanamuke hakuhesabiwa kuwa amekamilika. Miili yetu haikuachwa namna ilivyozaliwa.

Lakini kuna tofauti, na hapa ndipo wazee wanaweza kutufundisha. Ile michanjo haikufanywa peke yake. Kijana wa mukanda alikuwa na wenzake, na mulinzi, na nyimbo, na chakula kilichotumwa na mama yake. Alipotoka, kijiji kizima kilijua ni nani amerudi. Kijana wa Bruxelles anaingia mu chumba cha operasio asubuhi, anatoka nyuma ya siku chache, anarudi mu nyumba yake ya kupanga. Anaficha kwa shangazi, anaficha kanisani. Kisu ni kimoja, lakini watu wa kumusindikiza hawako. Hofu yetu kubwa iko hapo, kuliko ku kidonda.

4. Ku sahani moja

Tuseme sasa juu ya jambo ambalo waganga wa Ulaya hawaulize sana, lakini kwetu ni kubwa: meza.

Kwetu tunakula bukari ku sahani moja. Mukono unaingia, unafinya, unachovya mu sombe, na wote wanaona nani anakula na nani hakule. Mugeni akikataa, mwenyi nyumba anajiuliza: ananiogopa? Anafikiri nimetia dawa? Mukwe anayekula kidogo anasababisha maneno ya juma nzima.

Aliyepasuliwa tumbo atakula vipande vidogo, polepole, samaki ao mayai kwanza, na bukari kidogo sana nyuma. Hatakunywa maji pamoja na chakula. Akimeza haraka juu ya haya, atatapika. Akinywa kikombe kikubwa cha munkoyo chenyi sukari nyingi, anaweza kutetemeka na kutoka jasho. Hii si ya mwezi moja, ni namna ya kuishi. Maana yake, operasio haimukate yeye peke yake. Inakata pia mu desturi ya jamaa nzima. Kama ku kila matanga na kila ndoa watamusukumia sahani, “kula mama, kula, unatuzarau?”, watamurudisha ku ugonjwa ao watamufukuza mu meza yao. Jamaa inayokubali operasio bila kukubali kusoma heshima pengine kuliko mu sahani, haijakubali kitu.

5. Nani anaamua

Hapa tunafika ku swali la kichwa cha maandiko haya. Kwa Wabemba, Walamba na Wasanga, mutoto ni wa upande wa mama, na mujomba ana neno. Kwa Waluba, upande wa baba ndio una neno. Vijana waliosoma wanajibu: “Mwili ni wangu, nina miaka 18 kupita.”

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinasema nusu ya ukweli. Wahenga walisema: kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Mujomba hapandi ngazi na magoti ya binti. Haamke usiku na pumzi iliyokatika. Hakusikia maneno ya wenzake wa darasa. Kwa hiyo neno la mwisho haliwezi kuwa lake. Asiyebeba uzito hawezi kukataza wala kulazimisha. Na kulazimisha nako kuko, kuna wamama wanaosukuma binti ku kisu juu apate bwana.

Lakini kijana naye asimamie ukweli wake muzima. Binti wa miaka 22 anaamua pia kwa ajili ya mwanamuke wa miaka 60 ambaye hajamujua. Siku ile atakuwa mugonjwa, atahitaji mutu wa kumupeleka ku hospitali, wa kununua vitamini kama kazi imeisha. Mutu huyo ni nani, kama si ndugu? Mwenyi kutazamia kubebwa kesho, ni haki asikilize leo wale watakaomubeba. Kuamua ni kwake. Kusikiliza ni deni lake.

Na kikao kina kazi yake: kupima sababu. Kama ni ugonjwa, wasimuite muvivu. Watu wengi wanasema, “afunge kinywa tu.” Lakini waganga wameona kwamba mwili uliopunguza uzito unapigana: njaa inaongezeka, na mwili unachoma chakula kidogo kuliko mbele. Kama sababu ni haya peke yake, picha za simu na midomo ya watu, hapo wakubwa wangojeshe kwa upole. Si kwa sababu haya ni kitu kidogo. Haya inaua pia. Lakini munganga anakata tumbo, hakate midomo ya watu. Kijana aliyechukia nafsi yake na kilo 105 anaweza kuichukia hata na kilo 65, na tumbo halitarudi.

Inabaki feza. Pale bima inasaidia, jamaa haina sana la kusema. Lakini kama ndugu wanaombwa kuchanga maelfu ya dola ili mutu apasuliwe inchi nyingine, wana haki ya kuuliza juu ya masomo ya watoto wengine, tena juu ya munganga gani hapa nyumbani atakayemufuata. Kulipa kisu na kukosa vitamini ni kununua gari bila kufikiri mafuta.

Kwa kumaliza

Tunaona kwamba desturi haikataze operasio hii, wala haiibariki. Inaomba isifanywe mu upweke, na isifanywe bila sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu wanaokupenda.

Kwa wakubwa tunaomba: simu ikilia, musianze na hapana. Ulizeni kilo ngapi, ugonjwa gani, munganga alisema nini, na nani atalala naye ku hospitali. Kwa vijana tunaomba: musifiche. Mwambieni hata moja tu, nkambo ao yaya, mbele ya kusaini karatasi. Na kwa sisi wote tunaokula ku sahani moja: siku atakaporudi na kushika kitonge kidogo kama cha mutoto, tumuachie nafasi yake pale pale alipokuwa anakaa, na tuendelee kuzungumuza.