Usafi wa Hofu na Usafi wa Hiari

Kuna usafi wa namna mbili. Uko usafi wa hofu, ambao mtu huushika kwa kuwa askari anamtazama. Na uko usafi wa hiari, ambao mtu huushika hata akiwa peke yake. Kwa macho namna hizi mbili hufanana. Lakini katika mizani ya tabia njema haziko sawa, na napenda tuzipime pamoja.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikisomea ualimu, nilisimama jioni moja katika kituo cha magari cha mji fulani, nikila hindi la kuchoma. Nilipokwisha kula nililiangusha gunzi chini, kwa sababu pipa la taka halikuwapo karibu, nami sikujisumbua kulitafuta. Punde wakatokea askari wa mji. Waliliona gunzi, hawakunishika mimi niliyevaa tai, bali walimshika kijana aliyekuwa akiuza mahindi. Wakayamwaga makaa ya jiko lake pale pale barabarani, wakaenda naye. Kijana aliapa kwamba gunzi si lake. Mimi nilijua ni la nani. Nikanyamaza, nikapanda gari.

Huenda ukasema: basi sheria ile ni mbaya, na iondolewe. La, sivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Gunzi moja likifuatwa na mengine elfu huuziba mtaro, na mvua ya masika ikija, maji huingia katika nyumba za watu wa bondeni ambao pengine hawakutupa kitu. Mtupa taka humdhulumu mtu asiyemwona. Kwa hiyo ni haki sheria imzuie. Tena adhabu ina nguvu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, watu wengi walijifunza upesi kwenda sokoni na kikapu au mfuko wa nguo.

Lakini sheria ya haki humfunga mtawala kama imfungavyo mtawaliwa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 69 humtaka kila mtu ashirikiane na serikali katika kuyahifadhi. Katiba hiyo hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka. Basi kaunti inayotoza faini mahali isipoweka pipa, wala gari la taka halipiti, inadai deni ilhali haijalipa la kwake. Na askari amshikaye mnyonge kwa kuwa ni rahisi kumshika huiharibia sheria heshima yake kuliko mtupa taka.

Hata hivyo, kukosekana kwa pipa hakukuniondolea kosa. Nilikuwa na mkoba begani. Gunzi lingeweza kukaa humo mpaka nyumbani.

Hapa ndipo hofu inaposhindwa. Ilinifundisha kumkwepa askari. Haikunifundisha kuacha kutupa taka, wala kusema kweli. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyonifunga kinywa. Mtu amwogopaye askari tu huuliza, "Nani ananiona?" Mtu wa hiari huuliza, "Nani ataumia?" Swali la kwanza hukoma askari akigeuka, la pili halikomi.

Nawe msomaji, ungali kijana, na samaki hukunjwa angali mbichi. Usingoje kufunzwa na kizimba cha mahakama. Barabara si mali ya askari. Ni ua wa nyumba yetu sote, na mwenye akili hatupi taka uani kwake. Na ikitokea siku moja mwenzako akashikwa kwa kosa lako, jitokeze useme, "Ni langu." Faini utailipa siku hiyo, nayo itakwisha. Mimi ukimya wangu naulipia hadi leo.