Kutengeneza na Kurudisha

Katika lugha yetu neno "kutengeneza" lafanya kazi nyingi mno. Mtu hutengeneza chai, hutengeneza kitanda, hutengeneza saa iliyosimama, tena hutengeneza mambo yake na jirani baada ya ugomvi. Waliosoma Kilatini watalikumbuka neno restituere, lililotutaabisha sana seminarini kwa kuwa lina maana mbili: kukirudishia kitu hali yake ya kwanza, na kumrudishia mwenyewe kilicho chake. Mwalimu wetu wa maadili alilitumia kwa maana ya pili tu, alipotufundisha amri ya saba. Aliyeiba, alisema, majuto yake hayajatimia mpaka arudishe. Nami nilidhani kule kukutana kwa maana hizi mbili ni ajali ya lugha tu, hata siku nilipofika Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, nikazikuta zote mbili zimekaa ndani ya kasha moja la mbao.

Nilialikwa na mwalimu mstaafu, Mwislamu, mtu wa makamo ya babu, aliyewahi kusoma darasa moja na mjomba wa rafiki yangu. "Karibu, Padri," akasema, "uje uone wagonjwa wangu wawili." Wagonjwa wenyewe walikuwa spika. (Si yule Spika wa Baraza la Wawakilishi; ni zile za kutolea sauti, ambazo wazee wengine huziita vikuza sauti.) Zilikuwa jozi, za Kiingereza, makasha yake ya mbao nzuri yenye rangi ya asali, kila moja likifika mtu kiunoni. Baba yake, karani mjini, alizinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akifunga virago mwishoni mwa mwaka 1963, wakati wa uhuru, majuma machache tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kwa spika hizo nyumba ile ilisikiliza santuri za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi kule Bombay mwaka 1928, na taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho hata leo chaimba. Mama yake Mwalimu alizoea kukaa kati ya makasha hayo mawili akichambua mchele, akisema kwamba hapo ndipo waimbaji waliposimama.

Sasa yafaa nieleze kidogo jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana bila hayo kisa hakitaeleweka. Ndani ya kasha kuna kiini: koni ya karatasi ngumu, na nyuma yake koili ndogo ya waya wa shaba iliyoning'inia katika mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme wa sauti ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta, koni ikatikisika, na hewa ikawa sauti. Namna hii ilielezwa na Rice na Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani zafuata njia hiyohiyo. Sumaku hudumu sana. Karatasi ndiyo dhaifu: hula unyevu, huliwa na wadudu, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Kapasita, vile vidude vinavyogawa sauti nene na nyembamba, baadhi yake hukauka kwa uzee. Na mbao, basi, kila mtu wa Unguja amjua mchwa.

Karibu mwaka 1990 spika moja ilianza kukwaruza. Mwalimu aliipeleka kwa fundi mmoja, ambaye jina lake sikuambiwa wala sikuuliza. Baada ya juma moja ilirudi, kasha limefutwa vumbi, kitambaa cha mbele kimenyooshwa vizuri, na mkwaruzo hakuna. Mwalimu alilipa, akashukuru. Lakini tangu siku ile muziki haukukaa sawasawa. Sauti nene zilipotea. Waimbaji hawakusimama tena katikati, walitawanyika kama watu wasiojua wamwangalie nani. Alihamisha makasha kutoka ukuta huu hadi ule. Alibadili waya. Mwisho alikwenda kupimwa masikio, akaambiwa ni mazima kwa mtu wa umri wake. Hakusadiki. Akajisemea kwamba uzee umeingia, na kwamba ile sauti aliyoikumbuka labda haikuwako kamwe, ni utoto tu uliomdanganya. Zilipokuja zile siku za giza, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu bila umeme, alizifunika spika kwa shuka akaziweka stoo. Umeme uliporudi hakuzitoa.

Aliyezitoa ni mjukuu wake, kijana aliyesomea umeme. Naye hakuwa peke yake. Alikuwa amejuana na watu wanaopenda vyombo vya zamani: fundi redio wa Darajani, seremala wa Makunduchi ambaye kazi yake hasa ni milango, na mzee mmoja wa Mombasa mwenye chumba kizima cha redio za taa. Watu hawa hawakulipwa hata senti. Walikuja siku za mapumziko, wakala wali kwa samaki, wakabishana. Mwalimu aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kusomesha hakupata kuona wanafunzi wanaobishana kwa furaha namna ile.

Walifungua kasha la kwanza, wakapima koili kwa mita. Spika nyingi za Kiingereza za siku zile zilikuwa za omu 15, na mita huonyesha pungufu kidogo ya hapo. Ikasoma zaidi ya 10, kama ilivyotazamiwa. Wakafungua la pili. Mita ikasoma 3 na nusu. Wakatazamana. Fundi wa Darajani akakitoa kile kiini, akakipindua: sumaku nyingine, koni nyingine, chapa nyingine, kitu cha bei ya sokoni. Tena kilikuwa kimefungwa waya zake kinyume. Waligusisha betri ndogo ya tochi: koni ya kasha la kwanza ilisogea mbele, ya pili ilirudi nyuma. Spika mbili zikifungwa hivyo, moja husukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na sauti nene huuana zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya waimbaji waliotawanyika.

Yaani fundi yule hakutengeneza. Alitwaa kiini cha asili, akatia cha bei rahisi, akarudisha kasha linalong'aa.

Nilimwuliza Mwalimu alihisi nini siku ile. Nilidhani atasema hasira. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Padri, nilifurahi. Kwa muda wa miaka thelathini nilidhani masikio yangu yananidanganya."

Neno hilo nimerudi nalo mjini na halijanitoka. Sisi hupima wizi kwa thamani ya kitu kilichoibwa, na kiini kimoja cha spika si ng'ombe wala shamba. Lakini angalia alichonyang'anywa mtu huyu. Alinyang'anywa imani yake katika ushuhuda wa masikio yake mwenyewe, na katika kumbukumbu ya mama yake akichambua mchele. Chombo kilichovunjika chakiri wazi kwamba kimevunjika, hakimdhulumu mtu. Kilichotengenezwa kwa uongo ndicho kinachomfanya mwenyewe ajione kuwa mwongo. Naona dhambi hiyo ni nzito kuliko bei yake, na nadhani wenye ufundi wowote, wa redio, wa dawa au wa kalamu, hawana budi kuitafakari, nasi wahariri tukiwamo.

Ndipo likaja swali la pili, nalo liliwagawa marafiki. Mjukuu alishauri vitiwe viini viwili vipya vinavyofanana, vya siku hizi, vyenye nguvu zaidi. Sauti itakuwa kubwa, kasha litabaki la babu, na nani atajua? Sitaki kumlaumu kijana. Kutia kitu kipya si kosa. Mwenye nyumba anayetaka kusikia habari ya saa mbili hakosei kununua redio mpya. Lakini lile "nani atajua" ndilo neno la fundi wa kwanza, limerudi kwa mlango mwingine na kwa nia njema. Seremala wa Makunduchi alimjibu kwa ufupi kwamba yeye amewahi kutia ubao mpya katika milango mingi ya zamani, na siku zote huacha alama upande wa ndani.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja, Gilbert Briggs, aliyeanzisha kiwanda cha spika cha Wharfedale huko Yorkshire mwaka 1932. Katika miaka ya 1950 alikodi ukumbi mkubwa wa Royal Festival Hall mjini London, akawaweka wapiga muziki jukwaani karibu na spika zake, ili watu wasikie muziki wa mikono na muziki wa santuri, mmoja baada ya mwingine, wapime wenyewe. Nampenda mtu huyo kwa jambo moja: alikubali kusimama mbele ya kipimo. Spika haina sauti yake. Kazi yake ni kuitoa sauti ya mwingine. Na anayeitengeneza, vilevile, aitumikia sauti isiyo yake.

Basi wakaazimia kutafuta kiini cha namna ileile. Si jambo rahisi. Sumaku nyingi za zamani zilifanywa kwa mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, katika Katanga, nchi iliyokuwa ikiitwa Shaba. Vita vilipozuka huko mwaka 1977 na tena 1978, bei ya kobalti ilipanda mno, na viwanda vingi vya spika vikahamia sumaku za feraiti, zilizo rahisi. Kwa hiyo viini vya zamani hutafutwa kama lulu. Lakini mzee wa Mombasa alikuwa nacho kimoja, mjane kama alivyokiita, ambaye mwenzake aliungua zamani. Walimwuliza bei. Akakataa kutaja. Alikifunga kwa khanga mbili kuukuu, akakileta mwenyewe kwa basi na meli. Kapasita zilitoka Maskati, katika mkoba wa mpwa wa Mwalimu, nazo wakazitia pande zote mbili, hata upande uliokuwa bado mzima kiasi, maana jozi haiwezi kuwa na mmoja mchanga na mmoja mzee. Mke wa Mwalimu alicheka aliposikia hayo, akasema kwamba hilo angeweza kuwaambia yeye bila mita.

Alasiri ile Mwalimu alinichukua kwa miguu hadi Dimbani, kwenye msikiti wa kale. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati, wala mgeni asingegeuza shingo. Ndani, penye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa kwetu. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa katika pwani hii yote. Lakini kuta nyingi si za wakati ule. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliojenga wakaandika: hapohapo pana maandishi mengine, yenye mwaka 1184 wa Hijra. Wangeweza kunyamaza. Jiwe la zamani lilikuwa tayari lasema mwaka 500, na heshima yote ingekuwa yao. Wakaweka tarehe yao kando ya ile ya kwanza. Nilisimama pale bila viatu, nikamfikiria yule seremala na alama zake.

Tuliporudi, kasha la pili lilikuwa bado wazi, kwa sababu lilibaki jambo moja. Marafiki walitaka kuandika ndani yake yaliyotendeka, wakashindwa kupatana juu ya jina la fundi yule wa kwanza. Alikwisha kufa, watoto wake waishi hukohuko mjini, watu wema. Fundi wa Darajani alisema ukweli nusu ni uongo, jina liandikwe. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni padri. Nikasema tulivyofundishwa: deni la marehemu laweza kulipwa katika alichoacha, lakini aibu yake hairithiwi. Sijui kama niliwaridhisha. Mwalimu hakungoja tumalize. Alichukua penseli ya seremala, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kasha, akaandika kwa hati ya ubaoni ambayo kila mtoto aliyesoma kwake angeitambua: mwaka, kapasita, jina la mzee wa Mombasa. Halafu akaongeza, "Kilichokuwamo kabla ya hiki hakikuwa chake." Akamrudishia seremala penseli, akaomba skurubu.