Ukimya wa Aliyekwisha Kuondoka

Malipo ya kujirudia ni utaratibu ambao mnunuzi humruhusu mwuzaji mara moja tu kukata fedha kwenye kadi yake, na ruhusa hiyo ikaendelea kutumika kila mwezi au kila mwaka hadi mnunuzi mwenyewe atakapoikatisha. Utaratibu huu umejengwa juu ya dhana kwamba asiyesema neno ameridhia. Ugomvi huzuka pale mnunuzi anapofunga akaunti yake katika duka la mtandaoni, akaamini kuwa uhusiano umekwisha, kumbe ada ya uanachama inaendelea kukatwa. Kwa kuwa kiasi kinachogombewa mara nyingi ni dola chache kwa mwezi, shauri hili huonekana dogo. Lakini ndani yake mna swali zito, nalo ni lini kunyamaza kwa binadamu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kauli yake, na ni nani mwenye haki ya kuifasiri.

Hoja ya mwuzaji haina budi kusikilizwa kwanza. Yeye husema kwamba akaunti na uanachama ni vitu viwili: akaunti ni jina, nywila na kumbukumbu za manunuzi, ilhali uanachama ni mkataba wa malipo, ambao wakati mwingine hukusanywa na kampuni nyingine kabisa, na masharti aliyoyakubali mnunuzi siku ya kujiunga yalieleza hivyo. Hoja hii ina mantiki kwenye karatasi. Tatizo lake huonekana inapomfikia mtu mwenyewe: anakuta katika taarifa ya benki mstari mmoja wenye jina la duka lililofupishwa na tarehe ya baada ya kufunga akaunti, akijaribu kuingia ili akatishe malipo, anaambiwa hakuna akaunti yenye anwani hiyo ya barua pepe, akipiga simu, mhudumu anamtaka ajithibitishe kwa akaunti ile ile iliyofutwa. Hata kadi ikiisha muda wake, mitandao mikubwa ya kadi ina huduma ya kumpelekea mwuzaji namba mpya ili makato yasikatike. Kwa hiyo mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake huhesabiwa kuwa yumo ndani, na njia ya kusema kwamba hayumo huwa imefungwa pamoja na mlango huo.

Fiqhi ya Kiislamu imelitafakari suala la ukimya kwa undani ambao sheria nyingi za kisasa hazijaufikia. Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, inakataza watu kuliana mali kwa batili na inaruhusu biashara inayotokana na kuridhiana; nao mafakihi, kwa kuwa ridhaa imo moyoni na moyo hauonekani, walitafuta dalili za nje za kuithibitisha. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, yalikuwa makali zaidi: kwa kauli yake ya asili, biashara haisihi bila ijabu na kabuli, yaani tamko la kutoa na tamko la kupokea, na hata kupeana bidhaa na fedha mkono kwa mkono bila maneno kulitiliwa shaka, mpaka wanazuoni wa baadaye, akiwemo Imam Nawawi, walipokubali kwamba desturi ya watu inatosha kuonyesha ridhaa. Majalla, mkusanyo wa sheria za kiraia ulioandaliwa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, uliiweka kanuni ya ukimya katika kifungu cha 67: aliyenyamaza hanasibishiwi kauli, isipokuwa pale ambapo haja inamlazimu aseme, kwani hapo ukimya wake huwa ni maelezo.

Sehemu ya pili ya kanuni ndiyo ambayo mwuzaji angependa kuishika, akidai kwamba mwanachama aliyekumbushwa na asijibu alikuwa mahali pa kusema. Lakini mfano mashuhuri wa ukimya unaokubalika, yaani wa bikira anayeulizwa kuhusu ndoa yake, unabainisha masharti yanayokosekana hapa: mwanamwali ameulizwa waziwazi, anajua anaulizwa nini, kukataa kumo ndani ya uwezo wake, na haya yake inaeleweka na wote waliopo. Ukimya huo ni jibu kwa sababu kulikuwa na swali. Mtu aliyefunga akaunti hakuulizwa. Na lililo kubwa zaidi, amekwisha kusema, kwa kuwa kitendo cha kufunga ndiyo kauli yake, na yanayofuata baada ya kauli hayawezi kugeuzwa kuwa ukimya wenye kuitangua.

Mapokeo ya Ulaya yana sauti mbili juu ya jambo hili. Papa Boniface VIII, katika kanuni za sheria alizozitangaza mwaka 1298, alipitisha kwamba anayenyamaza huonekana kuridhia. Lakini mahakama ya Uingereza mwaka 1862, katika shauri la Felthouse na Bindley, ilikataa dai la mjomba aliyemwandikia mpwa wake kwamba asiposikia neno zaidi atamhesabu farasi wa mpwa huyo kuwa wake. Mjomba hakuwa na haki ya kumtwisha mwenzake wajibu wa kujibu.

Katika falsafa ya siasa, John Locke alifundisha kwamba anayeishi katika nchi na kufaidi ulinzi wake ameridhia utawala wake bila kutamka. David Hume alimjibu mwaka 1748 kwa mfano wa mtu aliyebebwa melini akiwa usingizini: haiwezi kusemwa kwamba ameridhia mamlaka ya nahodha kwa kubaki kwake, ikiwa njia pekee ya kuondoka ni kuruka baharini na kuangamia. Hoja ya Hume inafika mbali kuliko siasa, kwa sababu inaonyesha kwamba kubaki kunathibitisha ridhaa kwa kiwango kile tu ambacho kuondoka kunawezekana. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Amazon juu ya uanachama wa Prime, ikidai kwamba kujitoa kulimpitisha mteja katika kurasa 4, mibofyo 6 na machaguo 15, na kwamba ndani ya kampuni utaratibu huo uliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troy. Mtu anayejiunga kwa mbofyo mmoja au miwili na kujitoa kwa safari ya namna hiyo, kisha akakatizwa na kazi za nyumbani kabla hajafika mwisho, hajaridhia chochote. Amechoka tu, na uchovu haujawahi kuwa nguzo ya mkataba katika fikra yoyote ya maadili inayostahili jina hilo. Ujerumani ililiona hili, na tangu Julai 2022 imewalazimisha wauzaji wa mtandaoni kuweka kitufe cha wazi cha kukatisha mkataba. Wakenya na Watanzania nao wanaifahamu hali hii kupitia huduma za ujumbe mfupi zinazomega salio la simu, ambazo kujiunga nazo ni rahisi na kujitoa hutaka mtu ajue namba ya kutuma na neno la kuandika.

Shauri la Amazon lilimalizika Septemba 2025 kwa mapatano ya dola bilioni 2.5, bila kampuni kukiri kosa, na kati ya fedha hizo bilioni 1.5 zilitengwa kurudishiwa wateja. Baadhi yao walipangiwa kulipwa moja kwa moja. Wengine walitakiwa kuwasilisha madai, na asiyedai asipate. Hapa dhana ile ile imerejea kwa upande wa pili, maana ukimya uliosomwa mwanzoni kuwa ni ridhaa ya kulipa sasa unasomwa kuwa ni ridhaa ya kusamehe. Fiqhi haikubali hesabu hiyo: mali iliyoingia mkononi mwa mtu bila haki, hata kwa makosa, inabaki kuwa ya mwenyewe, na wajibu wa kuirudisha humlemea aliyeishika tangu siku aliyoipokea, adaiwe au asidaiwe. Wala haiwezekani kujitetea kwamba mwenye mali hajulikani alipo, kwa kuwa mfumo ulioweza kuifuata kadi yake mpya ili umkate una kila kinachohitajika kumrejeshea fedha zake kwenye kadi hiyo hiyo.