Mti wa Noeli: Tukate au Tununue wa Plastiki?



Kila mwaka Majilio yanapofika katikati, katika nyumba nyingi za Wakristo huzuka neno dogo ambalo huweza kuwa kubwa. Mama anasema mwaka huu tununue mti wa plastiki, ule unaokunjwa na kurudishwa katika katoni yake. Baba anasema hapana, mti wa Noeli ni wa kukatwa, wenye harufu yake. Watoto wanangoja. Basi watu wawili waliofunga ndoa mbele ya altare wanalala wamepeana mgongo kwa sababu ya mti.

Labda mtasema hili si jambo la kuandikiwa ukurasa mzima. Injili yenyewe haitaji mti wowote pale Bethlehemu. Inataja hori la ng'ombe, nguo za mtoto na wachungaji. Wala hakuna amri ya Kanisa inayomlazimisha mtu kuweka mti. Ni kweli. Lakini ndani ya swali hili dogo mna maswali makubwa ya dhamiri. Je, ni haki kukata kitu chenye uhai ili kipambe nyumba kwa wiki mbili? Je, yafaa kuweka kitu cha kuigiza katika sikukuu ya Mungu aliyefanyika mtu kweli kweli? Na ni nani nyumbani mwenye haki ya kuamua? Hebu tuyatazame pamoja bila haraka.

MTI HUU ULITOKA WAPI?

Desturi ya mti wa Noeli ilianza katika nchi za Wajerumani na majirani zao. Mtu mmoja aliyeandika habari za mji wa Strasbourg mwaka 1605 alieleza jinsi watu walivyosimamisha miti nyumbani na kuitundikia maua ya karatasi na matufaha. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi ya Waprotestanti zaidi, nao Wakatoliki wengi walishika pango la Noeli, kwa kumfuata Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliyeliandaa kule Greccio mwaka 1223. Kule Roma, mti ulisimamishwa katika Uwanja wa Mtakatifu Petro kwa mara ya kwanza mwaka 1982, wakati wa Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili.

Hata mti wa kuigiza si jambo la juzi. Katika karne ya 19 Wajerumani walitengeneza miti kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani, kwa sababu watu walikuwa wakikata vilele vya miti michanga mpaka misitu ikaumia.

Na saipresi yetu, ambayo wengi wetu huko milimani tumeizoea kama ua wa boma? Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, nayo ililetwa huku wakati wa ukoloni. Kwa hiyo baba asimwambie mama kwamba plastiki ni ya wageni na saipresi ni ya babu zetu. Yote miwili ilikuja na wageni, nasi tukaikaribisha. Hoja ya ukale haimalizi neno hili.

JE, KUKATA NI DHAMBI?

Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Mtu hawezi kulima bila kukata. Hakuna shamba lisilojua panga. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Waisraeli wanakatazwa kuangusha miti ya matunda hata wakiwa vitani wameuzingira mji. Oneni busara iliyomo. Sheria hiyo haisemi mti usiguswe kamwe. Inasema nguvu ya kukata isiwe ruhusa ya kuharibu. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inaweka heshima kwa viumbe chini ya amri ya saba, ile ya usiibe. Kwa nini chini ya amri hiyo? Kwa sababu anayeharibu leo anawaibia watakaozaliwa kesho.

Basi tusiulize tu kama inaruhusiwa kukata. Tuulize: umekata nini, ni mali ya nani, na umeacha nini nyuma?

Anayekata tawi la pembeni katika ua wake mwenyewe hajaua mti. Lakini wengi hupenda kukata kilele kwa sababu kina umbo zuri la mti mdogo. Saipresi ikikatwa kilele huchipua pande mbili, na ile mbao iliyotarajiwa baada ya miaka mingi hupotea. Tena ukikata tawi mpaka kwenye sehemu kavu isiyo na majani, halichipui tena, na ua hubaki na tundu. Kata pale penye kijani, uache kijani. Wenye umri wangu wanakumbuka wadudu walioingia mwaka 1990 wakakausha ua wa saipresi mahali pengi hapa Kenya. Tulijifunza wakati ule kwamba hata ua wa boma unaweza kwisha.

Kuna pia wale wanaokata usiku katika ua wa shule, au wa jirani, au hata wa parokia. Ndugu zangu, huo ni wizi. Kumpamba Mtoto Yesu kwa kitu cha wizi ni kumtukana. Nao msitu wa serikali si shamba lisilo na mwenyewe. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata mti humo bila kibali.

JE, MTI WA PLASTIKI NI UONGO?

Wengine husema mti wa plastiki ni uongo, kwa hiyo haufai katika sikukuu ya ukweli. Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Uongo unahitaji mtu wa kudanganywa. Nani anaingia sebuleni kwako akadhani plastiki ile inakua? Zile sanamu za Maria na Yosefu katika pango letu ni za plasta au za mti, wala hakuna anayesema parokia imedanganya. Zote ni ishara, na ishara huonyesha kitu kilicho mbali nayo.

Hata hivyo mti wa plastiki waweza kuwa uongo kwa njia nyingine. Mume akiukopea fedha ili shemeji zake wakija waseme mambo yake yamenyooka, hapo unasema uongo. Mke akiununua kwa fedha za sare ya shule, akajua Januari atamwomba jirani, hapo pia unasema uongo. Lakini hata tawi la bure laweza kusema uongo: baba anayelisifu kwamba ni la asili, kumbe ameshamaliza fedha za sikukuu kwenye baa, anaficha neno nyuma ya majani.

KILA MTI UNA DENI LAKE

Sasa niwaambie ninavyoona mimi. Kila mmoja wa miti hii huja na deni. Kosa letu ni kuchukua mti na kuliacha deni. Waswahili wanasema dawa ya deni ni kulipa.

Deni la mti wa kukatwa ni kupanda. Nalo lina hila, kwa sababu halilipwi siku ile ile. Mahali pengi kwetu Januari ni jua kali, na mche ukipandwa bila maji hufa. Lazima mngoje mvua za Machi na Aprili. Wakati huo mapambo yamekwisha sahaulika, na ndipo huonekana kama lile neno la Desemba lilikuwa la kweli. Andikeni katika kalenda ya ukutani: tuna deni la miche. Si lazima iwe saipresi. Mti wa kienyeji unaofaa udongo wenu ni bora zaidi. Wala msiseme miche miwili ni kitu gani. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipoanza kazi yao mwaka 1977 walipanda miti saba tu pale Kamukunji, Nairobi. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Deni la mti wa plastiki ni kuutunza. Mingi ya miti hii hutengenezwa Uchina kwa plastiki ambayo haiozi, ikasafirishwa kwa meli mpaka kwetu. Mwaka 2009 wataalamu wa Montreal, huko Kanada, walipima madhara ya mti wa plastiki kwa hali ya hewa, wakaulinganisha na miti inayolimwa kwa ajili ya Noeli. Walikadiria kwamba mwenye mti wa plastiki angehitaji kuutumia kwa miaka kama 20 hivi ndipo ulingane na ule wa kukatwa kila mwaka. Mashamba yao si kama ua wetu, lakini funzo linatufaa: anayenunua mti wa plastiki mwaka huu na kuutupa baada ya Noeli tatu, eti umepitwa na wakati, amechukua mti asiolipia. Tena msiuchome uani siku mtakapouchoka. Moshi wa plastiki ya namna ile ni sumu kwa watoto wenu.

Miaka 20! Nyinyi mlioahidiana maisha yote mnajua maana ya kukaa na kitu baada ya upya wake kwisha. Matawi yatapinda, rangi itapauka, mguu mmoja utafungwa kwa waya. Mkikubali kuupamba hivyo hivyo kila Desemba, mti huo umelipiwa.

NENO LILILOFICHWA

Lakini mara nyingi ugomvi wa mti si wa mti. Tuseme kuna mume aliyekulia kijijini. Kila mkesha wa Noeli marehemu baba yake alileta tawi, akalisimamisha katika debe la udongo na mawe, akina mama wakalipamba kwa pamba na vibofu. Akisema "mti wa kweli," anamlilia baba yake. Tuseme mkewe, alipokuwa mdogo, alichungulia mti unaometameta katika nyumba ya tajiri akafukuzwa mlangoni. Akisema "wa plastiki," anasema watoto wangu wasione aibu niliyoiona. Kila mmoja anamwona mwenzake mshamba au mwenye majivuno, kwa kuwa hawajaambiana neno lenyewe.

Kumbukeni pia karamu ya Bethania, katika Yohane sura ya 12. Maria alipompaka Yesu manukato ya thamani, Yuda aliuliza kwa nini hayakuuzwa wakapewa maskini. Hoja ilikuwa nzuri sana. Lakini Mwinjili anatuambia hakuwajali maskini. Basi tuwe waangalifu tunapompiga mwenzetu kwa hoja nzuri. Baba anayesema mti ni kupoteza fedha, je, ana mpango wa kuwapa maskini fedha hizo? Mama anayesema tuhifadhi misitu, je, kuni za nyumba hiyo hutoka wapi? Furaha ya nyumbani nayo ni hitaji la binadamu, na Bwana hakumkataza Maria.

BASI TUFANYE NINI?

Mkinidai jibu, nitawapa. Kama mna ua au miti yenu, kateni tawi kwa adabu, mpande mvua ikija, na baada ya sherehe ya Ubatizo wa Bwana tawi likikauka liwe kuni. Kama mnaishi chumba cha kukodi mjini, hamna hata kipande cha ardhi, na tawi linalouzwa kando ya barabara hamjui limetoka kwa nani, mti mdogo wa plastiki ulionunuliwa mara moja na kutunzwa si aibu wala dhambi. Na kama mwaka huu fedha ni za karo, wekeni pango peke yake, hata la udongo uliofinyangwa na watoto. Noeli itafika.

Lakini jibu langu halina nguvu kuliko lenu mkilitafuta wawili. Mti uliokuja juu ya bodaboda bila mwenzako kuambiwa umeanza vibaya, hata kama ni mzuri. Kabla ya Dominika ya nne ya Majilio, watoto wakishalala, kaeni mezani muulizane haya:

1. Nyumbani kwenu Noeli ilikuwaje ulipokuwa mtoto? Ni kitu gani ulikipenda, na ni kitu gani kilikuumiza?

2. Mti tunaoutaka ni mali ya nani, na fedha zake zilikuwa za kazi gani?

3. Deni la mti huu ni lipi, na ni nani kati yetu atamkumbusha mwenzake kulilipa?

Jibuni swali la kwanza kabla ya hayo mengine, na kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka amalize.

Nawatakia Majilio mema, na Noeli yenye amani nyumbani mwenu.