Dirishani Wanauliza Kama Nitarudi

Mtu anayesema "nitarudi" huku moyo wake haujaamua, amesema uongo? Swali hili limenikaa tangu semina ya kutuandaa sisi tunaokwenda kusoma Marekani. Ilifanyika Nairobi, nasi wa Kisumu tulisafiri usiku kucha kwa basi ili tuiwahi.

Mengi yalikuwa ya kawaida: makoti ya baridi, bima ya afya, namna ya kumwandikia profesa barua pepe. Suala la dagaa wa omena kwenye begi lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko bima. Kisha likaja zoezi la mahojiano ya viza. Mwezeshaji aliketi nyuma ya meza, akajifanya afisa wa ubalozi, akatuita mmoja mmoja. "Ukimaliza masomo, utafanya nini?" Aliyejibu "nitaona" alirudishwa kitini. Aliyejibu "Mungu akipenda nitarudi" naye akarudishwa. Tukaelezwa kwamba sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu mwombaji kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba siye. "Kwa hiyo usisite," akasema. "Ukisita, umekwisha."

Nilimhurumia yule wa "Mungu akipenda". Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unatufundisha kusema hivyo hivyo, na kupanga ya kesho bila kumtaja Bwana unakuita majivuno. Kwenye dirisha la ubalozi, majivuno hayo ndiyo yanayogongewa muhuri.

Wiki hiyo hiyo jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa imesali nyumbani kwetu Manyatta, upande wa Kona Legio. Mama mwenyekiti aliniombea viza. Akaendelea: nipate kazi huko huko, nipate makaratasi, niwavute wadogo zangu mmoja baada ya mwingine. Chumba kizima kikaitikia amina, nami nikiwemo. Mbele ya Mungu nimeomba nibaki. Mbele ya afisa nitaapa kurudi. Afisa hasomi mioyo, lakini huyo mwingine anasoma.

Mtakatifu Augustino aliyapitia mambo ya namna hii. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo. Alipokuwa akifundisha Karthago alichoshwa na wanafunzi watundu, akasikia kwamba wa Roma wana nidhamu. Mwaka 383 akafunga safari. Mama yake, Monika, alimfuata hadi pwani, akamng'ang'ania: ama urudi nyumbani, ama twende wote. Augustino akamwambia anamsindikiza tu rafiki anayengojea upepo, akambembeleza alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani lililokuwa karibu. Usiku ule chombo kikang'oa nanga. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo aliandika kitabu kizima juu ya uongo, akakataa hata ule wa kuokoa maisha. Mwongo kwake ni mwenye moyo wa namna mbili: lililo ndani silo linalotamkwa. Tena alirudi Afrika, mwaka 388, Monika akiwa amekwisha kufia Ostia mwaka mmoja nyuma.

Kipimo hicho kinanibana, ila nadhani kinamfaa zaidi mtu aliyekwisha kuamua. Augustino alijua anaondoka. Mimi nikijichungulia nakuta yote mawili. Naitamani maabara yenye mitambo ambayo huku naisoma vitabuni tu. Na naviona visima vya Manyatta, vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo, ambavyo ndivyo vilivyonisukuma kusoma kemia ya maji. Yote mawili ni ya kweli. Nikisema moja nimeficha la pili, na dirishani hakuna nafasi ya kusema mawili.

Halafu kuna suala la ushahidi. Tulishauriwa kubeba hati za shamba na chochote kinachoonyesha kwamba mtu ana mizizi nyumbani. Kaka yangu ana simba yake, yaani nyumba ya kijana wa kiume, ndani ya dala, boma la baba. Mimi ni msichana. Katiba ya 2010 imenipa haki sawa na yake, lakini wazee hawajanionyesha hata kona ya kupanda mboga ya osuga, na kwa mila yetu ya Kijaluo msichana asiyeolewa akifa huzikwa nje ya ua. Wajaluo tunajulikana kwa kuwarudisha wafu. Mwili wa wakili S. M. Otieno uligombaniwa mahakamani kwa miezi kabla ya kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Nyanya yangu, tunayemwita Dani, aliposikia afisa ataniuliza kama nitarudi, alishangaa: "Kwani wao hawawarudishi watu wao? Utarudi tu, hata kwa sanduku." Sikuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba sanduku la msichana halina pa kuwekwa.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Mwenye shamba hahitaji kuahidi, ardhi inamsemea. Ahadi ni ya mtu kama mimi, asiye na karatasi ya kumsemea. Na nia si sarafu iliyolala mfukoni, kwamba ukipapasa utaikuta. Unaitengeneza kwa unayoyafanya kabla hujaulizwa. Basi nimeandika pendekezo langu la utafiti juu ya visima hivi hivi, sampuli zichotwe hapa msimu wa mvua na wa kiangazi, ili shahada yenyewe isikamilike bila mimi kurudi. Nikisema "nitarudi" baada ya hapo, nitakuwa nimesema jambo nililoanza kulitenda. Augustino angeweza bado kunikunjia uso, maana tamaa ya kubaki haijatoka. Lakini sioni mahali anaposema kwamba kutamani ni kudanganya.

Amina ile bado ilinisumbua, kwa hiyo nikamwendea mama mwenyekiti, nikamwomba abadilishe nia ya sala: aombe nisome salama, nirudi. Alikuwa akipepeta omena. Hakuusimamisha ungo.

"Wewe sema yako huko dirishani, mama," akaniambia. "Sisi tuachie yetu na Mungu."