Kifo cha Wachache

Wahenga walinena: kifo cha wengi harusi. Nasi twauliza: kifo cha wachache je? Katika mji wa Mpanda, mwisho wa reli itokayo Kaliua, sisi tulio wengi huzika wafu wetu. Mhindu afapo, mwanawe huwasha kuni, na majivu hutiwa majini. Mahali pa ibada hiyo pahitaji ua, paa na maji. Je, jasho la maendeleo ya jamii lifike huko? Naam. Mwaka 2011 Wangari Maathai, asiyekuwa Mhindu, alichomewa katika uwanja wa Wahindu wa Kariokor, Nairobi. Lakini hata tusipopahitaji kamwe, tutoe. Maiti hana kura wala sauti; hapo ndipo utu wa walio hai hupimwa.